Nani Alichukua Kitambulisho cha Wanja

Wenzangu mliobaki kwenye kaunta, mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, na mkaniambia niweke na ushauri. Ushauri sina mwingi. Nina swali moja ambalo nilichelewa sana kuliuliza, na ningependa nyinyi mliulize mapema, mkiwa bado na meno. Mji sitautaja. Ni mji mdogo upande wa Kirinyaga, pale majani chai yanapoishia na kahawa kuanza.

Siku ya kwanza nilifika ofisi ya vitambulisho nimevaa shati jeupe nililonunuliwa na mama kwa ajili ya kazi ya serikali. Mzee Gakuru, karani wa alama za vidole, alinitazama kutoka juu hadi chini akauliza, "Kijana, hiyo shati umeiaga?" Kufikia saa sita lilikuwa na wino mpaka kwenye kola. Mama alililoweka siku tatu, kisha akalifanya tambara la kufutia taa.

Nyinyi siku hizi mna mashine ya kioo isiyotaka wino, kwa hiyo acheni niwaeleze. Unaweka tone dogo kwenye kioo na kulisambaza kwa rola mpaka weusi uwe mwepesi. Kidole hakibonyezwi, kinaviringishwa kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi mwingine, mara moja, bila kurudi nyuma. Mwenye kidole anaambiwa atazame ukutani, maana akitazama mkono wake ataanza kukusaidia, na akikusaidia ameharibu. Ukutani palikuwa na kalenda ya duka la pembejeo yenye picha ya ng'ombe wa maziwa. Watu wengi wa wilaya ile walipata vitambulisho vyao wakimtazama ng'ombe huyo.

Gakuru alinifundisha pia kusoma vidole, jambo ambalo halikuwa kazi yetu hasa, kwani wataalamu wa kusoma walikuwa Nairobi. Yeye alisoma kwa kupenda tu, kama wengine wanavyopenda drafti. Kuna kidole chenye mistari ya kitanzi, kuna cha mduara, na kuna cha upinde ambacho ni adimu. Mwashi vidole vyake vimeliwa na saruji. Mchuma chai ana weusi ambao hata mafuta ya taa hayautoi. Waliotusumbua zaidi ni wanawake waliofua nguo za watu. Unaviringisha kidole, na kwenye karatasi linatoka doa jeusi tupu lisilo na mstari hata mmoja.

Ofisi yetu ilikuwa na sheria moja ya Gakuru mwenyewe. Aliyekuja kuchukua kitambulisho hakutia sahihi, alitia gumba kwenye daftari kubwa, kando ya jina lililoandikwa na karani. "Kalamu inaweza danganya," alisema. "Gumba haiwezi." Alipostaafu alinikabidhi rola, kioo na daftari, nami nikaendelea kukusanya magumba kwa uaminifu mkubwa. Kuyasoma sikuyasoma. Nilikuwa na foleni.

Sasa nirudi nyumbani kidogo, mtaona kwa nini. Babu yangu alivaa kipande, yaani kitambulisho cha enzi za mkoloni, shingoni ndani ya kikopo cha bati. Nyanya hakuwa nacho, kwa sababu kipande kilikuwa cha wanaume. Wanawake walianza kupewa vitambulisho miaka mingi baada ya Uhuru, na mama alipopata chake nilikuwa na akili ya kutosha kukumbuka. Alikuja nacho kutoka sokoni akitembea haraka, akatuonyesha picha yake, tukacheka kwa sababu alikuwa amekunja uso. Baba aliporudi alikipokea, akakitazama pande zote mbili, akakiweka kwenye sanduku lake pamoja na chake, akafunga. Mimi nilipooa nilinunua bati la biskuti, nikaweka humo cheti cha ndoa, hati ya shamba, kitambulisho changu nisipokihitaji, na cha mke wangu muda wote. Nilijiona mtu wa mpango.

Kwenye kaunta tulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Mwanamume akimtuma mtu amchukulie kitambulisho, tulimjibu bila kuinua kichwa: "Mwambie akuje mwenyewe, ako na miguu." Lakini kikiwa cha mwanamke tuliuliza, "Wewe ni nani wake?" Mume, baba, kaka, mama mkwe, mwajiri, yeyote mwenye ile kadi ya kusubiri, anayopewa mtu siku ya alama, na jibu zuri, tulimpa. Tuliona tunasaidia. Wanawake wana watoto na mashamba, kwa nini wapoteze siku?

Kati ya waliosaidiwa namna hiyo alikuwako mama mmoja tuliyemwita Mama Faith. Alikuwa mtu wa kanisa, mnene kidogo, mcheshi, na kila Krismasi alituletea ndizi. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wasichana kazi za nyumbani, Nyeri, Kenol, hadi Thika. Aliwaleta wapigwe picha na kuchukuliwa alama, na baada ya miezi kadhaa alirudi peke yake na kadi zao. "Hawa watoto ni wangu wote," alisema, nasi tukacheka. Nilikuwa namwandikia majina mimi mwenyewe.

Basi ilikuwa Alhamisi moja, ukiwa umebaki mwaka mmoja nistaafu. Alikuja msichana mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, amevaa malapa na sweta kubwa kuliko yeye, mgongoni amebeba mtoto mdogo aliyelala. Alisimama kando mpaka foleni ikaisha.

"Mzee, nimekuja kuuliza kitambulisho yangu."

Aliniambia jina. Wanja, wa upande wa Kianyaga. Nikatafuta kwenye daftari, nikampata miaka sita nyuma.

"Ilichukuliwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na wewe. Jina lako hii hapa, gumba hii hapa."

"Mimi tangu nipigwe picha sijawahi rudi hapa."

Nilimpa jibu nililokuwa nimewapa watu maisha yangu yote: kama umepoteza, nenda polisi uandikishe, ulete karatasi. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Sijapoteza, mzee. Mtu hawezi poteza kitu hajawahi shika."

Nilikuwa nimezoea watu wanaolia na watu wanaotukana. Huyu hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema tu kwamba ana saa moja. Tajiri wake kutoka Nyeri alikuwa amekuja mazishini, chini ya kanisa, na amemleta kumshika mtoto. Mtoto akilia ndani ya hema ni aibu, kwa hiyo akaambiwa amtembeze, na ametembea mpaka kwangu. Mazishi yakiisha gari linarudi Nyeri, na yeye atakuwa ndani yake. Kwa miaka sita hajatoka peke yake ila kwenda kuanika nguo. Amewahi kusema anataka kwenda nyumbani, akajibiwa aende, lakini polisi wa kwanza akimshika bila kitambulisho atalala ndani. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu, na bila simu hakuna wa kumpigia. Mshahara nao unapitia kwa Mama Faith. "Nilitaka tu kujua kama iko hapa," akasema. "Kama iko hapa, naenda nayo. Kama haiko, narudi kwa gari."

Nadhani ningemwacha arudi kwenye gari. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Kilichonizuia hakikuwa huruma, kilikuwa udadisi. Nilitaka kujua, kama si yeye, gumba ni la nani.

Nikamwomba kidole gumba. Nikapaka wino, nikamwambia amtazame ng'ombe. Ng'ombe wa mwaka huo alikuwa mwingine, lakini desturi ni desturi. Likatoka doa jeusi tupu. Nikarudia, nikapata mistari miwili hafifu pembeni. Nikamuuliza anafua kwa kitu gani, akasema kwa dawa ya kung'arisha, kila siku, bila glavu, nguo za nyumba nzima na za dada ya tajiri. Nikaleta lenzi ya Gakuru niliyorithi, nikaangalia gumba la daftarini. Lilikuwa na mduara safi, mistari iliyonona ya mtu asiyefua, na katikati limekatwa na mstari mweupe wa kovu, umelala mshazari kama alama ya kusahihishia mtihani.

Kovu lile nilikuwa nalijua. Sikujua nalijulia wapi. Nikafungua kurasa za mbele, kisha za nyuma. Kovu lilikuwa kando ya jina la Mercy. Lilikuwa kando ya Esther, kando ya Wangithi, kando ya msichana mmoja wa upande wa Embu ambaye nakumbuka alikuwa mfupi hata tukampandisha kwenye kreti ya soda ili apigwe picha. Mwaka baada ya mwaka, majina tofauti, gumba moja. Na mwandiko uliokuwa kando ya kila gumba ulikuwa wangu, mzuri, umeegemea kulia, ule mwalimu wa darasa la nne alikuwa akiusifu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini, na niliwahi kumpiga picha mkuu wa wilaya kofia ikiwa imepinda.

"Ni nani?" Wanja akauliza.

"Mama Faith anakataga ndizi?" nikamuuliza.

"Mama Faith? Alijikata na panga kitambo. Hii hapa." Akanionyesha kwenye gumba lake mwenyewe, mahali hasa.

Nilifunga kaunta, jambo ambalo nilikuwa nimelifanya mara moja tu, siku ofisi ilipojaa moshi. Nikampigia simu naibu wa chifu wa eneo letu, Mama Njeri, mwanamke mkavu ambaye huwa hapotezi neno. Alifika kwa miguu, akasikiliza, akatazama daftari, akasema, "Huyu msichana harudi kwa hiyo gari." Lakini Wanja akasema lazima aende mazishini kwanza.

"Kufanya nini?" nikauliza.

"Kurudisha mtoto. Mtoto hana makosa. Na nikimwachia mtu mwingine, watasema nimemwiba."

Basi tukateremka sisi watatu na mtoto, ambaye sasa alikuwa ameamka na kushika kola yangu. Watu walikuwa kwenye foleni ya chakula. Tajiri, mama kijana, amevaa vizuri, alimwona Wanja akasema bila hasira, "Ulikuwa umeenda wapi? Ingia gari, tunatoka." Wanja akamfungua mtoto mgongoni, akampa, akakunja leso, akaiweka juu ya mkoba wa mtoto. "Nimebaki, Mama Ivy," akasema.

Mama Njeri akaeleza ni nani na kwa nini yuko pale. Yule mama hakuwa mtu katili, na hilo limenisumbua kuliko kama angekuwa katili. Alishangaa kweli. "Lakini sisi tulikuwa tunamtunzia," akasema. "Mama Faith ndiye hushika hizo vitu. Msichana akiwa na kitambulisho hutoroka, kila mtu anajua."

Nami, kwa udadisi uleule, nikamuuliza, "Na wa ng'ombe? Uko na kijana wa ng'ombe?"

"Niko naye."

"Kitambulisho yake uko nayo?"

Akacheka kidogo, kama nimeuliza jambo la kitoto. "Zii, huyo ni mwanaume. Nitaiitishaje?"

Tajiri yule alikuwa amejibu swali lenyewe, kwa nini cha mwanamke tu, akiwa ameshika sahani ya githeri, bila kujua. Nimesoma baadaye maneno makubwa juu ya utumwa wa siku hizi, na nyinyi mtatumwa kwenye semina zake, mtapewa na kalamu. Mimi nililielewa pale. Mama Faith hakuhitaji kamba wala kufuli. Alihitaji watu wengi wazuri walioamini kwamba karatasi ya mwanamke inakaa kwa mtu mwingine: baba asiyemfuatilia binti kitambulisho kwa sababu ataolewa huko, tajiri anayetunza, na karani mwenye mwandiko mzuri anayeuliza, "Wewe ni nani wake?" Tungemjibu Mama Faith tulivyowajibu waliotumwa na wanaume, yaani tungemwambia wasichana waje wenyewe, biashara yake ingeisha asubuhi moja.

Yaliyofuata ni ya polisi na mahakama, na kesi haijaisha, kwa hiyo nitayaruka. Nitasema tu kwamba vitambulisho vilipatikana kwenye mkoba wake wa kanisani, vimefungwa kwa mpira wa kufungia mboga za sukuma wiki, na kwamba niliandika maelezo yangu bila kujificha. Nililetewa barua kali. Niliiweka kwenye faili kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu mtu wa faili alikuwa likizo. Kutoka wiki hiyo kila mtu alikuja mwenyewe, awe mwanamume au mwanamke. Waume walilalamika. Mmoja alinikumbusha kwamba alilipa mahari.

Kitambulisho cha Wanja kilibaki kwa polisi kama ushahidi, kwa hiyo ilibidi atengenezewe kingine, na hapo vidole vikatukatalia. Mfumo hautaki doa. Nilimwambia apumzishe mikono, asiguse dawa wala sabuni kali, apake glisarini usiku na mchana. Alikuwa akikaa kwao Kianyaga, na mamake, ambaye kwa miaka sita alikuwa ameambiwa binti ana maringo ya mjini ndiyo maana hapigi simu, alimkataza hata kuosha kikombe. Alikuja baada ya wiki tatu, tukakosa. Akaja tena, tukapata vitatu. Mara ya tatu nilichemsha maji, akaloweka vidole kidogo, nikavikausha kwa pamba, nikaviringisha kimoja kimoja nikiwa nimeshika pumzi. Kumi vyote vilitoka. Ana upinde kwenye gumba la kulia. Upinde, ule adimu. Nilifurahi nikamwita hata mfagiaji aje aone, na mfagiaji akasema ni vizuri, akarudi kufagia.

Siku ya kukichukua nilimfungulia daftari. Akatia gumba mwenyewe, akalitazama kwa muda mrefu kando ya jina lake. Kisha akakishika kitambulisho kwa mikono miwili, akakunja uso uleule wa mama yangu.

"Sasa mzee," akasema, "hii nitaiweka wapi?"

"Mahali salama."

"Kama wapi? Bibi yako huweka yake wapi?"

Nikamwambia foleni ni ndefu, ingawa hakukuwa na mtu.

Jioni hiyo niliteremsha bati la biskuti kutoka juu ya kabati. Mke wangu alikuwa akimenya viazi. Nilimwekea kitambulisho chake juu ya meza, mbele yake. Kwenye picha alikuwa na nywele nyingi na mashavu ya msichana niliyemuoa. Alikiangalia, akaangalia bati, akaniangalia mimi. Kisu kikasimama.

"Baba Muthoni," akasema polepole, "unanifukuza?"

Miaka thelathini na moja ya ndoa, na hicho ndicho kitu pekee alichoweza kufikiri kingenifanya nimpe kitambulisho chake. Nilikaa chini. Nikamweleza habari ya Wanja yote, kuanzia malapa hadi upinde, na nilipofika kwa tajiri na kijana wa ng'ombe, nililifunika bati. Hakunifariji. Alifuta mikono kwenye aproni, akakichukua, akaenda nacho chumbani. Sikuuliza amekiweka wapi, na mpaka leo sijui.

Jumatatu alivaa viatu vya kanisani akaenda mjini bila kusema. Alirudi na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, kwani ile aliyokuwa akitumia miaka yote niliisajili mimi, kwa jina langu, siku moja nilipokuwa na nafasi. Nikamuuliza namba ni gani.

"Utaijua nikikupigia," akasema.

Alinifanya ningoje mpaka Jumapili.